Mifuko Isiyopitisha Hewa Yaua Dumuzi Bila Dawa

Hewa ya kawaida ina oksijeni ya takribani asilimia 21, nayo ndiyo inayowapa uhai dumuzi na fukusi wanaoharibu mahindi ghalani. Mfuko wa nafaka usiopitisha hewa hubadili mchanganyiko huo bila mtambo wala gesi ya kununua.

Teknolojia hiyo, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde za wakulima wa Kameruni, hutumia matabaka matatu: mawili ya plastiki ndani na kiroba nje. Kila tabaka hufungwa peke yake. Wadudu waliomo hutumia oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi; oksijeni ikipungua mno, huacha kula, hukauka na hatimaye kufa. Anayefungua mfuko kila siku ili kuchota chakula huwarudishia hewa, hivyo mahindi ya matumizi ya karibu yatengwe mapema.

Sharti gumu zaidi ni ukavu: unyevu usizidi asilimia 13.5. Kipimo cha nyumbani ni chupa kavu na chumvi kavu. Punje zikitikiswa humo na chumvi ikaganda kwenye kuta za chupa, mahindi yarudishwe juani, juu ya turubai. Aidha, mfuko hauondoi sumukuvu iliyokwisha kuingia, kama ile iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Panya akitoboa plastiki, tundu dogo huzibwa kwa utepe wa gundi. Likiwa kubwa, mfuko hubadilishwa.