Wiki Moja, Watoto 60 na Pikapu Nyekundu

Jumatatu, pikapu nyekundu huingia katika mji mdogo wa Marekani ikiwa na vijana wawili mbele na mchezo mzima wa kuigiza nyuma: mapazia, maleba, taa, vipodozi na vifaa vya jukwaani. Kinachokosekana ni waigizaji, nao hupatikana siku hiyohiyo. Watoto wa mji husimama mstari mmoja, hutaja majina na umri wao kwa sauti ya kusikika, huigiza furaha, hofu na hasira kadiri wanavyoelekezwa. Usaili ukimalizika, 50 au 60 kati yao wameshapewa nafasi, na baadhi huanza mazoezi papo hapo. Jumamosi wanapanda jukwaani mbele ya wazazi na majirani.

Huo ndio utaratibu wa Missoula Children's Theatre, kundi lenye makao yake Missoula, katika jimbo la Montana. Kundi husafiri mwaka mzima, lakini majira ya joto, kuanzia Juni hadi Agosti, yana uzito wake. Shule zimefungwa na wazazi wanatafuta shughuli ya maana kwa watoto wao. Vyuo navyo vimefungwa, na vijana wanaosomea uigizaji, uongozaji, ushonaji wa maleba au ubunifu wa jukwaa wanatafuta mahali pa kujaribu walichofundishwa. Mahitaji hayo mawili hukutana katika tamthilia za watoto.

Kundi hilo lilizaliwa kwa bahati. Jim Caron alikuwa safarini kwenda Oregon kwenye harusi ya rafiki yake, gari lake aina ya Volkswagen likaharibika Missoula. Akisubiri litengenezwe, alijitokeza katika usaili wa mchezo wa *Man of La Mancha*. Akapewa nafasi, na humo akafahamiana na Don Collins. Mwaka 1970 wawili hao walianzisha kundi lao.

Miaka miwili baadaye walialikwa kupeleka mchezo wa Snow White katika mji wa Miles City, karibu kilomita 800 kutoka Missoula. Kuwasafirisha watoto saba wa kuigiza wale mbilikimo saba katika umbali huo kulikuwa na gharama na wasiwasi mwingi, hivyo wakaamua kuwatafuta hukohuko. Walihitaji saba, wakajitokeza takriban 450. Umati huo uliwaonyesha kwamba watoto wa miji ya mbali walikuwa na kiu ya kuigiza, si ya kutazama tu. Ziara zote zilizofuata zilijengwa juu ya jambo hilo. Kabla ya janga la UVIKO-19, kundi lilikuwa likifika katika jamii zaidi ya 1,000 kwa mwaka, ndani na nje ya Marekani.

Mzigo wa wiki nzima huwaangukia wale vijana wawili. Wengi wao wametoka chuoni juzijuzi. Mmoja huongoza akiwa mbele ya jukwaa. Mwenzake huvaa maleba na kuigiza pamoja na watoto. Mtoto akisahau maneno, huyo wa jukwaani ndiye anayemrudisha njiani bila watazamaji kutambua. Wanasimamia vipindi viwili vya mazoezi kila siku, wanafunga taa na kusimamisha mapambo, na mara nyingi usiku wanalala kwa familia iliyojitolea kuwapokea. Onyesho likiisha, wanapakia kila kitu na kuelekea mji mwingine, ambako Jumatatu wataanza upya na watoto ambao hawajawahi kuwaona.

Hakuna darasa linaloweza kumpa mwongozaji kijana mazoezi ya namna hiyo. Watazamaji nao humfundisha. Mtu mzima akichoshwa na mchezo hutazama saa yake kimyakimya. Mtoto hugeukia jirani, huanza kuzungumza, huomba kwenda chooni. Mwigizaji anajua palepale kwamba sehemu fulani ni ndefu mno, au kwamba mzaha haukueleweka. Mtoto akivutiwa pia, hafichi: humpigia kelele sungura kumwonya kwamba mbwa mwitu yuko nyuma yake.

Wabunifu nao wana mtihani wao. Katika tamthilia ya watu wazima, mshonaji humpima mwigizaji na kumshonea nguo yake. Katika mchezo unaozunguka, anashona bila kumjua mvaaji. Vazi lilelile la mnyama litavaliwa wiki hii na mtoto mwembamba wa miaka sita na wiki ijayo na mwenzake aliyemzidi kimo na unene. Kwa hiyo kiuno huwekwa mpira, pindo huachwa refu ili liweze kushushwa, na velkro huchukua nafasi ya vifungo, maana mtoto aliyejaa msisimko gizani hawezi kuhangaika na vishikizo. Kitambaa lazima kivumilie jasho na kufuliwa mara kwa mara.

Mbunifu wa mapambo naye hupewa masharti kabla hajashika penseli. Kila kipande kienee katika pikapu, kiinuliwe na watu wawili, kisimame imara katika ukumbi wa mazoezi wa shule au kanisa lenye dari fupi. Kona zilainishwe zisimjeruhi mtoto anayekimbia. Msitu uonekane kuwa msitu hata kwa aliyekaa safu ya mwisho. Kijana anayetimiza masharti hayo hujifunza kuchagua kilicho muhimu na kuacha mengine, na ujuzi huo utamfaa katika jumba lolote atakalofanyia kazi baadaye.

Upande wa mashariki wa nchi kuna utaratibu wa aina nyingine: majumba ya msimu wa joto yasiyosafiri, kama Cape Playhouse ya Dennis, Massachusetts, iliyofunguliwa mwaka 1927. Katika majumba ya aina hii, ni kawaida mchezo mkubwa kuonyeshwa usiku na wa watoto asubuhi. Kijana huyohuyo anaweza kuwa chura saa nne asubuhi, kupaka rangi mapambo mchana na kusukuma mandhari nyuma ya pazia usiku.

Ajira hizi hutafutwa mapema. Kila mwaka, kabla msimu haujaanza, mikutano kama ule wa Southeastern Theatre Conference hukusanya mamia ya vijana mbele ya wawakilishi wa majumba mengi kwa pamoja. Mwigizaji hupewa muda usiofika dakika mbili aimbe na kuigiza. Mbunifu hupanga mezani michoro yake na picha za kazi zake, kisha hungoja kuhojiwa.

Suala la malipo linastahili kusemwa wazi. Kwa miongo mingi, majumba ya majira ya joto yaliwategemea wanagenzi wasiolipwa, na kwingine wanagenzi wenyewe walilipa ada. Mwaka 2021, gazeti la Los Angeles Times lilichapisha malalamiko ya waliowahi kufanya kazi katika tamasha la maigizo la Williamstown, Massachusetts, kuhusu saa nyingi za kazi na usalama mdogo. Mjadala uliofuata ulisukuma majumba kadhaa kupitia upya utaratibu wao. Utaratibu wa zamani uliwafungia mlango vijana wengi wenye kipaji, kwa sababu asiye na mzazi wa kumlisha hawezi kufanya kazi miezi mitatu bila ujira.

Tamthilia ya watoto imeshathibitisha hadhi yake: mwaka 2003 Children's Theatre Company ya Minneapolis ilipewa tuzo ya Tony ya majumba ya mikoani, heshima ambayo hakuna jumba la watoto lililokuwa limeipata kabla. Sasa hadhi hiyo inapaswa kuonekana katika mikataba ya vijana wanaoibeba kazi yenyewe: ujira uliotajwa kabla ya safari, mahali salama pa kulala, mapumziko kati ya mazoezi na onyesho, na jina la mshonaji likichapishwa katika kijitabu cha onyesho pamoja na majina ya waigizaji.