Mtoto Mkubwa Akikojoa Kitandani

Khabari ninayoileta mwezi huu haizungumzwi barazani wala harusini, na ninajua wapo watakaoikunja karatasi hii haraka wageni wakibisha hodi. Jina langu halimo humu, maana sisi katika mji huu ni wachache na tunajuana. Sharti hilo limetolewa na mwanangu, ambaye ndiye mwenye khabari hii, na ambaye ameisoma kabla ya mhariri.

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka tisa. Nikiamka kwa ajili ya sala ya alfajiri nilikuwa nikiisikia mashine ya kufulia ikinguruma jikoni. Mama yake alikuwa ameshatangulia, akizifua shuka ili nisijue, naye mtoto amejifungia msalani akingoja nipite. Mimi nilikuwa nikijua. Nilinyamaza siku tatu, nne, kisha siku ya tano ninachoka, ndipo ninapopaza sauti. Nilimwita mvivu. Nilimlinganisha na mdogo wake wa miaka minne aliyekuwa akiamka mkavu. Asubuhi moja ya mwezi wa Januari nilimwamuru abebe godoro lake mwenyewe alitoe nje likauke, ilhali tunakaa ghorofa ya tatu na jua la Januari katika nchi hii halikaushi hata leso. Godoro likabaki roshani siku tatu, nalo likanuka zaidi kuliko mwanzo, na majirani wakaliona.

Adabu ile ya kubebeshwa godoro sikuitunga mimi. Jumapili ile nilipompigia simu mama yangu, Unguja, nikamlalamikia, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza: “Mwanangu, umesahau? Wewe umeacha ukiwa darasa la sita. Na ami yako alikaribia kuoa.”

Sikuwa nimesahau, nilikuwa nimeficha. Nilikuwa ni mimi niliyenyimwa maji tangu alasiri, niliyepita uani na godoro kichwani huku watoto wa mtaa wakiniimbia ule wimbo wa kikojozi ambao kila msomaji wa ukurasa huu anaujua na sina haja ya kuuandika. Mke wangu, baada ya miaka kumi na mitatu ya ndoa, hakuwa na khabari. Na mtoto wangu alikuwa akiamini kwamba katika ukoo mzima ni yeye peke yake.

Jambo hili hurithiwa, na laiti ningalilijua mapema. Iwapo mzazi mmoja alikuwa akikojoa kitandani utotoni, karibu watoto 44 katika kila 100 nao hukojoa. Na kama ni wazazi wote wawili, idadi hufika karibu 77. Kwa hiyo baba anayempigia kelele mwanawe aghalabu anaipigia kelele damu yake mwenyewe.

Tena si jambo la nadra. Katika umri wa miaka mitano, karibu watoto 15 katika kila 100 bado huamka wamelowa. Katika umri wa miaka kumi wanabaki kama 5. Chukueni darasa la watoto thelathini wa umri huo: yumkini mna mmoja au wawili, na kila mmoja anadhani yuko pekee. Wavulana ni wengi kuliko wasichana. Kila mwaka kiasi cha 15 katika kila 100 ya hao wanaokojoa huacha wenyewe pasi na dawa yoyote, na wanaobaki hata ukubwani ni takriban mmoja katika mia.

Kinachotokea ndani ya mwili ni mambo matatu, moja au yote pamoja. La kwanza, usiku ubongo hutoa homoni iitwayo vasopresini, nayo huziamrisha figo zipunguze kutengeneza mkojo mpaka asubuhi. Kwa baadhi ya watoto amri hiyo haijawa na nguvu bado, na figo zao hufanya kazi usiku kama mchana. La pili, kibofu huwa hakichukui kingi, au hujikaza kabla hakijajaa. La tatu, na hili ndilo linalotughadhibisha sisi wazazi, mtoto haamki. Kibofu kimejaa, kinapeleka ujumbe, na ubongo uliolala hauupokei. Wengine huota kwamba wako msalani. Mtoto wa namna hii ukimwambia “jitahidi” ni kama kumtaka mtu asikorome. Jitihada ni ya aliye macho.

Najua kwa wengi wetu hasira inatokana na jambo jingine lililo zito: mkojo ni najisi, na nyumba ni ya kusalia. Nami nilijificha nyuma ya hoja hiyo. Lakini tunafundishwa kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke, na kwa mtoto mpaka abaleghe, na mwanangu alikuwa na nyudhuru zote mbili kwa wakati mmoja. Tunamjua pia yule bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.), mtu mzima na yu macho. Masahaba walipotaka kumkemea, Mtume aliwazuia, akamwacha amalize, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale. Ndoo moja, na mambo yakaisha.

Katika fleti zetu kulimwagia godoro maji wakati wa baridi ni shida, kwa hiyo najisi ni bora isilifikie kabisa. Kifuniko cha godoro kisichopitisha maji, kinachofunika pande zote kwa zipu, kiliondoa nusu ya ugomvi wa nyumba yetu. Tukatandika mara mbili: kifuniko, shuka, kifuniko, shuka. Usiku ikilowa ya juu inavutwa pamoja na kifuniko chake, na chini kuna kitanda kikavu tayari. Mtoto akioga asubuhi harufu haimfuati skuli. Kwa wenye vijana waliokwisha kubaleghe, niongeze kwamba mkojo hauwajibishi josho. Ni kuondoa najisi na kutawadha tu. Kijana wa miaka kumi na minne anaweza kuwa na wasiwasi juu ya hilo na asithubutu kumuuliza mtu.

Hatimaye tulikwenda kwa daktari. Nilidhani atacheka. Kumbe mwongozo wa NICE, ambao ndio unaofuatwa na madaktari wa Uingereza katika jambo hili, umesema tangu mwaka 2010 kwamba mtoto asiadhibiwe, na kwamba hata aliye chini ya miaka saba asirudishwe nyumbani kwa sababu ya umri wake tu. Alimuuliza mtoto mwenyewe, si mimi, na maswali yake yalinishangaza. Unakwenda choo kikubwa kila siku? (Choo kigumu kinapokaa tumboni hukibana kibofu.) Unakoroma? Skuli unakunywa maji kiasi gani?

Hapo likatoka jambo ambalo sikulitazamia. Mwanangu alikuwa hanywi maji skuli hata kidogo, kwa sababu hataki kwenda msalani. Hataki kwa sababu hakuna maji ya kuchamba. Sisi tumemfundisha istinjaa tangu akiwa mdogo, kisha tukampeleka mahali penye karatasi tu, akaona afadhali azuie saa saba. Akirudi nyumbani ana kiu ya siku nzima, anakunywa gilasi baada ya gilasi, na baada ya isha chai ya maziwa pamoja nasi. Kibofu kisichojazwa mchana hakizoei kujaa, na chai ina kafeini. Dawa yake ilikuwa chupa ndogo ya plastiki ndani ya mkoba, ya kuchambia, na nyingine ya kunywa. Mtoto wa umri wa miaka tisa hadi kumi na tatu anahitaji kwa uchache lita moja na robo hivi kwa siku, nyingi ya hiyo kabla ya magharibi. Kumnyima maji, kama nilivyonyimwa mimi, hakusaidii. Wazazi ambao watoto wao hufunga Ramadhani wazingatie haya, khasa miaka ambayo futari huja usiku sana: mtoto anayeshindilia vinywaji kisha akalala baada ya saa moja, akiamka amelowa wakati wa daku, asilaumiwe.

Daktari alitofautisha vizuri mtoto ambaye hajapata kukauka na yule aliyekauka miezi sita au zaidi kisha akaanza tena. Huyu wa pili apelekwe haraka. Akiwa ana kiu isiyokwisha, anakojoa mno na anakonda, huenda ni kisukari, na hilo ni la siku hiyo hiyo. Akisikia moto wakati wa kukojoa, huenda njia ya mkojo ina maambukizo. Na kama mwili mzima, basi kuna lililomtisha: kuhama nchi, kuzaliwa mdogo wake, talaka, kuonewa skuli au chuoni, au mtu anayemdhuru na kumwamuru anyamaze. Katika hali hiyo, kiboko humfungia mtoto mdomo wakati tunapohitaji aseme. (Anayetegemea kiboko ajue pia kwamba kumpiga mtoto ni kosa la jinai Scotland tangu Novemba 2020 na Wales tangu Machi 2022.)

Tulipewa kengele. Historia yake inafurahisha. Mwaka 1904 daktari wa watoto Meinhard von Pfaundler alitengeneza chombo cha kuwajulisha wauguzi kitanda kinapolowa, akagundua kwamba watoto wenyewe walianza kukauka. Mwaka 1938 Mmarekani O. Hobart Mowrer na mkewe Willie Mae Mowrer walikitangaza kama tiba. Kidude kinanasa tone la kwanza na kengele inalia. Wiki tatu za mwanzo nyumba nzima iliamka isipokuwa yeye. Ilinibidi nimwamshe mimi, nimpeleke msalani akiwa anajikwaa, nimbadilishe, niitege tena. Mke wangu alinitazama nikifanya kazi aliyoifanya yeye peke yake kwa miaka, na hakusema neno. Kengele huendelea mpaka zipatikane siku kumi na nne kavu mfululizo, na huenda ikachukua miezi mitatu. Karibu thuluthi mbili ya watoto hufanikiwa. Baadhi hurudia na kuanza upya.

Kuna pia kidonge cha desmopresini, kinachofanya kazi ya ile homoni. Hufaa kwa safari au mahali kengele isipowezekana. Mtoto akikimeza asinywe kitu zaidi ya mkupuo mdogo tangu saa moja kabla mpaka saa nane baada yake, maana maji yakizidi mwilini ni hatari. Ile ya kupuliza puani iliondolewa katika tiba hii hapa Uingereza mwaka 2007. Mwenye chupa ya zamani, au aliyeletewa na jamaa kutoka nje, asiitumie. Anayeona haya kuanza kwa daktari anaweza kuanza kwa muuguzi wa skuli, au jumuiya ya ERIC, inayoshughulikia jambo hili tangu 1988.

Lakini nitangulize lililotangulia. Kabla ya daktari, usiku wa ile Jumapili, nilikaa ukingoni mwa kitanda cha mwanangu nikamwambia khabari zangu: uani, godoro, wimbo, darasa la sita. Alinitazama kwa muda kisha akauliza, “Na babu alikupiga?” Nikasema ndiyo. Akauliza, “Ukaacha?” Nikasema sikuacha. Hakuuliza tena. Asubuhi alikuja mwenyewe chumbani kwetu akasema, “Baba, leo nimelowa,” kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua inanyesha.

Mwaka uliofuata skuli ilikuwa na safari ya kulala siku nne. Mwaka wa nyuma yake alijifanya mgonjwa asiende. Safari hii tulimwambia mwalimu mmoja tu, akampa kidonge chake kila usiku pasi na kuonekana, na tukatia mfuko wa pili wa kulalia ndani ya begi. Usiku mmoja kati ya hiyo aliamka amelowa. Mwalimu aliubadilisha mfuko kabla ya wenzake hawajafumbua macho. Kengele tuliirejesha kliniki mwezi wa Mei.