Mama, Unangoja Mutu?

"Mama, unangoja mutu?"

Kijana wa mgahawa alisimama kando yangu, kitambaa begani. Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, katika kibanda cha samaki hapa Kalundu, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo harufu ya mkaa hukutana na harufu ya mazutu inayotoka bandarini. Nilimjibu kwamba simngoji mtu. Akakitazama kiti kitupu mbele yangu, akatazama njia, kisha akarudi jikoni bila kuniuliza nitakula nini. Nilimsikia akimwambia mpishi: "Mwalimu bado anangoja."

Siku ile nilikuwa nafanya mazoezi ya kukaa mezani peke yangu. Wiki mbili baadaye, Agosti 2023, nilikuwa nisafiri peke yangu. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nina watoto wanne, na kwa miaka kumi na tisa kila senti iliyopita mkononi mwangu ilikuwa na mwenyewe: karo, mchele, dawa, kilio cha jirani. Zamu yangu ya likilimba, mchango wetu wa kupokezana, ilipofika mwaka ule, nilisema fedha hizi ni za kupumzika. Nitakwenda Kigoma, kisha Dar es Salaam, siku tisa, niione bahari niliyoifundisha kwa ramani tu. Dada yangu mkubwa hakuniuliza nitalala wapi wala nitapanda gari gani. Aliuliza: "Na kula, utakula na nani?"

Alikuwa amegusa penye woga wangu. Njia sikuiogopa. Niliogopa meza.

Anayetoka kwetu atanielewa. Nyumbani bugali hukaa katikati, sombe pembeni, mikono inaingia kwa zamu. Mtoto anayejificha na kipande cha samaki hupewa jina la mchoyo, na jina hilo humfuata hadi aoe. Hata Kifaransa tulichosomea shuleni kinasema hivyo hivyo: neno copain, yaani rafiki, limetokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya kula mkate pamoja. Rafiki ni yule mnayemega naye. Basi anayekaa peke yake mbele ya sahani, watu humwuliza moyoni: huyu amekosana na nani?

Kwa mwanamke swali huwa zito zaidi. Mwanaume akikaa peke yake na chupa yake ya bia ya Primus, watasema amechoka na kazi. Mwanamke akikaa peke yake, hata kama mbele yake kuna maji tu, macho yanamhoji: ameachwa? Anamtafuta nani?

Lakini ukiviangalia vizuri vibanda vya bandarini utaona kwamba wanaokula peke yao wamejaa. Wapo madereva wa malori, mabaharia wanaongoja shehena, na akina mama wa vitenge waliovuka mpaka wa Kavimvira tangu alfajiri. Wanakula upesi, wanalipa, wanaondoka, na hakuna anayewashangaa kwa sababu wako kazini. Kula peke yako kwa ajili ya kazi tumekukubali zamani. Tusichozoea ni mtu, hasa mama, kukaa peke yake mezani kwa ajili ya raha.

Nilivuka Kavimvira, nikapita Bujumbura, nikateremka kwa basi hadi Manyovu na Kigoma. Jioni ya kwanza niliingia mgahawa mdogo karibu na stesheni, ile ambayo reli ya Wajerumani iliifikia mwaka 1914. Dada mhudumu akasema: "Karibu mama. Mko wangapi?"

"Niko mmoja."

"Karibu. Leo kuna migebuka."

Samaki alipoletwa nilicheka kimoyomoyo, maana alikuwa mukeke wetu. Amepasuliwa mgongoni na kufunuliwa kama daftari, ngozi imebabuka na kuwa rangi ya kahawia, nyama nyeupe inaachana na mfupa kwa vipande virefu, na juu yake vitunguu vimelegea katika mawese mekundu. Kalundu na Bujumbura tunamwita mukeke, Kigoma wanamwita mgebuka, na hapatikani katika ziwa lingine lolote duniani. Nimewafundisha wanafunzi kwamba Tanganyika ina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha zaidi ya mita 1,400, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na kwamba nchi nne zinaligawana. Sikuwahi kuwafundisha kwamba samaki yuleyule hubadilishiwa jina anapobadilishiwa sufuria.

Kwa kuwa sikuwa na wa kuzungumza naye, nilimwuliza mpishi kwa nini bei ilikuwa juu. Alinionyesha dirisha: mbalamwezi ilikuwa imejaa. Mukeke huwafuata ndagala, yaani dagaa, na ndagala hupanda juu ya maji usiku. Wavuvi huwasha taa, ndagala wakakusanyika penye mwanga, nyavu zikawainua. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haivuti kitu, na mitumbwi mingi hulala pwani. Nimekula samaki hawa miaka arobaini na sita. Somo hilo nililipata usiku nilipokaa mezani bila mwenzangu.

Nilikuwa nimemega tonge la kwanza alipoingia mzee mmoja na kofia yake. Macho yetu yakakutana, na kinywa changu kikatamka chenyewe kile nilichofunzwa na mama yangu: "Karibu tule, baba."

"Asante mwanangu, endelea," akajibu, akaenda kukaa meza yake.

Hakuja, wala sikutazamia aje. Lakini mabega yangu yalishuka. Nilielewa kwamba mtu akishasema karibu, hali tena kwa kujificha. Mlango wake uko wazi, na kama yuko peke yake ni kwa sababu wengine wamemwachia nafasi kwa heshima. Uchoyo ni kula bila kukaribisha, hata mkiwa kumi.

Kutoka hapo reli ilinipeleka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200. Niliiona bahari. Na kwa kuwa niliweka nadhiri kwamba safari hii nitacheza, nilikwenda Kunduchi, kaskazini mwa jiji, kwenye mabwawa na mitelezo ya maji ya Wet 'n' Wild. Huko ndiko nilikoona ugumu wa namna nyingine. Mgahawani kuna watu wa kila aina, bali mahali pa michezo kila mtu amekuja na ukoo wake. Meza ni za watu sita, vicheko ni vya watu sita. Nilikaa na sahani ya chipsi kuku, nywele zinachuruzika, mkoba nimeubana miguuni kwa kuwa hapakuwa na wa kunishikia.

Mama mmoja mwenye watoto watatu akaniuliza kama panakaliwa. Nikasema karibuni. Wakakaa ncha ya pili. Baada ya kitambo akasema: "Dada, niangalizie huyu mdogo, naenda kuagiza." Yule mdogo hakungoja mamaye arudi. Aliivuta sahani yangu taratibu, akachukua chipsi moja, akanitazama, akachukua ya pili. Tulikula sahani moja, mimi na mtoto ambaye jina lake sikulijua.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Korea Kusini kuna neno maalumu, honbap, la kula mlo peke yako. Japani, migahawa ya supu ya tambi ya Ichiran humkalisha kila mteja katika nafasi yake iliyotengwa kwa ubao kulia na kushoto. Amsterdam, mwaka 2013, ulifunguliwa kwa muda mgahawa ulioitwa Eenmaal, na meza zake zote zilikuwa za mtu mmoja. Nao wamewatafutia nafasi wanaokula peke yao. Wajapani wametengeneza ubao, nasi tumerithi neno: karibu. Ninalipenda neno letu, maana linakuacha peke yako bila kukutenga.

Kwa atakayejaribu, haya ndiyo niliyojifunza. Nenda kabla ya saa sita au baada ya saa nane, kwa sababu mwenye mgahawa anahesabu viti: wewe mmoja kwenye meza ya wanne, saa ya wateja wengi, unamnyima sahani tatu. Saa iliyotulia utapokelewa kwa moyo mweupe. Chagua kiti kinachopakana na ukuta, chenye kuona jiko. Mgongo wako utatulia na macho yatakuwa na kazi. Uliza bei kabla ya kukaa. Uliza "leo kuna nini?" badala ya kutaja ulichokizoea kwenu. Soda ifunguliwe mbele yako, na ukiinuka, usirudie kuinywa. Mwanamke asimwambie mtu asiyemjua kwamba yuko peke yake mjini wala analala wapi. "Wenzangu wanakuja" ni jibu linalotosha. Simu iache mkobani walau hadi nusu ya sahani. Na mahali palipokupendeza, rudi kesho yake, maana siku ya pili hawatakuuliza mko wangapi.

Nilirudi Kalundu siku ya kumi. Mwaka uliofuata, 2024, ziwa lilipanda likaingia nyumba za watu na barabara za mji wetu, na kibanda kile cha samaki kikahamia upande wa juu wa njia, miti yake ikiwa bado na mstari wa matope. Mji umepita katika maji na katika bunduki. Labda kwa sababu hiyo ninathamini zaidi saa moja ya Jumamosi, sahani, na upepo unaoshuka kutoka milima ya Mitumba.

Kijana wa kitambaa begani sasa ananiuliza tu: "Mwalimu, leo mukeke ao ndagala?" Kiti cha mbele yangu anakiondoa na kukipeleka penye wateja wengi.

Juzi msichana mmoja alisimama mlangoni, mkoba mgongoni, vumbi la safari miguuni. Alizitazama meza, akatazama nje, mguu mmoja ndani na mmoja njiani. Niliujua mguu ule. Nikainua mkono wenye tonge nikamwambia: "Karibu tule, mwanangu."

"Asante mama, endelea," akasema. Akaingia, akavuta kiti penye ukuta. Kijana akamfuata na kitambaa chake, nami nikatega sikio.

"Dada," alimwuliza, "utakula nini?"