Anayekufungulia Mlango Substack ni Mwandishi Mwenzako

Wengi wanaoanzisha jarida la barua pepe kwenye Substack hujiuliza mapema mno ni nani huko San Francisco, kwenye makao ya jukwaa hilo, atakayelichagua na kuliweka mbele ya watu. Nafasi ya kuangaziwa ipo kweli, na wahariri wa jukwaa hilo huwapandisha waandishi wanaowaridhisha. Ila mwandishi asiyejulikana akiweka matumaini yake yote hapo, atangoja sana. Njia iliyo mikononi mwake ni waandishi wenzake, na nashangaa jinsi inavyopuuzwa.

Tazama jukwaa lenyewe linavyopata riziki. Tangu lilipoanza mwaka 2017, limekuwa likikata asilimia 10 ya ada wanazolipa wasomaji, na jarida la bure halidaiwi kitu. Faida yake basi iko kwa msomaji anayebaki hadi akakubali kulipa. Ndiyo maana Aprili 2022 lilileta utaratibu wa mapendekezo. Msomaji akishaandika anwani yake na kujisajili kwenye jarida fulani, huletewa orodha fupi ya majarida mengine ambayo mwandishi wa lile la kwanza anayaamini. Kila moja lina jina, picha ndogo na maelezo ya mstari mmoja chini yake. Msomaji hatafungua makala hata moja kabla ya kuamua. Anasoma ule mstari, anakubali au anapita. Mstari unaosema “Mawazo yangu kuhusu maisha na jamii” haumwambii atapata nini. Unaosema “Kila Jumatatu: bei ya mahindi Kibaigwa, na kwa nini imepanda au kushuka” umeshamwambia mada, siku na faida yake. Mwandishi mwenzako naye atathubutu kuliweka jina lake karibu na la pili, kwa sababu anajua anawapeleka wasomaji wake wapi. Kwa maoni yangu, saa nzima ya kuunoa mstari huo ina faida kuliko wiki ya kuwaandikia wahariri maombi.

Kuna watakaosema kwamba haya ni maneno ya kuwafariji wadogo, kwa kuwa wakubwa hubebwa. Ni kweli kwamba Substack iliwahi kuwalipa baadhi ya waandishi malipo ya awali. Mwandishi wa habari wa Marekani Matthew Yglesias, alipoondoka kwenye tovuti ya habari ya Vox mwaka 2020, alikubali dola 250,000 kwa mwaka wa kwanza, na jukwaa likachukua asilimia 85 ya ada za wasomaji wake. Lakini alikuja na jina lililojengwa kwa miaka mingi, na baadaye alieleza hadharani kwamba angepata zaidi kwa mkataba wa kawaida. Fedha ile ilimfuata mtu ambaye tayari alikuwa na wasomaji. Heather Cox Richardson naye, mwanahistoria wa Boston College, alianza mwaka 2019 kwa kuwaandikia watu wa Facebook habari za siasa za Marekani, na wasomaji wakazisambaza wenyewe. Jarida lake likawa miongoni mwa makubwa kabisa kwenye Substack.

Hoja nzito zaidi ni ya lugha. Mhariri asiyejua Kiswahili hawezi kuliangazia jarida la Kiswahili kwa kulisoma, hata likiwa zuri namna gani, na jambo hilo halitabadilika kwa sisi kulalamika. Pendekezo la mwandishi mwenzako halina kizuizi hicho: anayeandika Mombasa kuhusu uvuvi anaweza kumpendekeza anayeandika Mwanza kuhusu sangara bila kumwomba mtu yeyote ruhusa. Majarida kumi yakishikana hivyo, kila msomaji mpya wa moja anakutana na mengine. Kikwazo kinachobaki ni malipo. Substack hupokea ada kupitia Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, na mwandishi aliye Tanzania hafunguliwi akaunti huko, kwa hiyo hata akiangaziwa na umati ukaja, hana pa kupokelea ada zao. Kwa sasa anachoweza kuvuna ni anwani zao. Substack inamruhusu mwandishi kupakua orodha yote ya waliojisajili, na orodha hiyo ndiyo itakayomwezesha kuwatumia wasomaji namba ya M-Pesa, au kuhamia kwingine pamoja nao.