Perege si samaki mmoja: Somo la mtafiti Lowe-McConnell

MFUGAJI anayenunua ng'ombe wa maziwa hauziwi "ng'ombe" tu. Atauliza mbegu, mzao wa ngapi na lita ngapi kwa siku. Kwa samaki, wengi huridhika wakiambiwa ni perege, wanalipa na kumwaga vifaranga bwawani.

Tofauti ya perege mmoja na mwingine ni suala la fedha, na kati ya watafiti waliolifanyia kazi mapema katika ukanda wetu ni Dk. Rosemary Lowe-McConnell. Mwanamama huyu, aliyezaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1921 na kufariki mwaka 2014, alianza kwa kuchunguza mikunga huko kwao. Mwaka 1945 alitumwa Ziwa Nyasa kuchunguza samaki waitwao chambo.

Kwa macho chambo wote walionekana kama samaki mmoja. Yeye aliwatenganisha kwa kuangalia msimu wa kuzaa, mahali wanapozalia na rangi za madume. Faida yake kwa uvuvi ni kubwa: kama aina hizo hazizai kwa wakati mmoja wala mahali pamoja, kufunga uvuvi kwa mwezi mmoja kunaweza kulinda aina moja na kuiacha nyingine ikivuliwa mayai yakiwa mdomoni.

Ndiyo, mdomoni. Kwa perege hawa, jike hulea mayai na watoto mdomoni. Hivyo hutaga mayai machache kuliko samaki wanaoyamwaga majini. Anayemvua kabla hajazaa anakula mtaji, si faida.

Jinja na ngege

Mwaka 1948 alijiunga na shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki mjini Jinja, Uganda, lililokuwa limeanzishwa mwaka 1947. Ziwa Victoria lilikuwa tayari taabani. Nyavu za makila za kitani ziliingia mwaka 1905, na baada ya uchunguzi wa Michael Graham wa mwaka 1927 hadi 1928 ilipendekezwa matundu yasipungue inchi 5, ili ngege azae kwanza. Katika miaka ya 1950 kanuni hiyo ilianza kulegezwa, kisha ikafutwa. Nyavu zikawa ndogo, ngege wakaadimika. Baadaye sangara na sato, waliopandikizwa kutoka nje ya ziwa, wakashika nafasi.

Hapa kwetu kazi yake ina alama ya pekee. Mwaka 1955 alichapisha maelezo ya perege wapya kwa sayansi kutoka Ziwa Jipe na Mto Pangani. Leo perege wa Jipe anahesabiwa miongoni mwa samaki walio hatarini kutoweka.

Hata hivyo, ajira yake ilikatishwa mapema. Mwaka 1953 alipoolewa alilazimika kujiuzulu, kwa kuwa utumishi wa Kiingereza wa makoloni haukuruhusu mwanamke aliyeolewa kubaki kazini. Aliendelea na utafiti, ikiwamo nchini Guyana, na mwaka 1975 akatoa kitabu kuhusu jamii za samaki wa maji baridi ya tropiki. Lakini Jinja ilimpoteza mtaalamu wa perege wakati ule ule ambapo hatima ya ngege ilikuwa ikiamuliwa.

Mfugaji afanye nini?

Utafiti wake kuhusu sato ulionyesha kuwa samaki huyo huyo, akiwa kwenye maji madogo yaliyojifunga, hupevuka akiwa mdogo kuliko akiwa katika ziwa kubwa. Hiyo ni sababu mojawapo ya mabwawa mengi kujaa samaki wa kiganja: wanazaa mapema, wanabanana, chakula kinaishia kwenye kuzaana badala ya nyama. Ndiyo maana wataalamu hushauri vifaranga vya dume pekee na idadi inayolingana na eneo la bwawa.

Pili, muulize muuzaji ni aina gani na imetoka wapi. Sato amesambazwa katika mabonde mengi ya mito nchini, na perege hupandana kwa urahisi na ndugu zao wa asili. Maji ya bwawa yakifurika, vifaranga huishia mtoni. Perege wa Pangani ni hazina ya mbegu. Wakishachanganyika hakuna duka la kuwanunua tena.

Tatu, vikundi vya usimamizi wa mialo viandike mavuno kila siku, kwa aina na kwa ukubwa. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ipo tangu mwaka 1980, lakini mtafiti asiye na takwimu za mwaloni ni kama bwana shamba asiyefika shambani. Kila inchi na sentimita iliyomo katika kanuni za uvuvi imetokana na mtu aliyepima samaki. Kuacha kuwapima kwa kubana matumizi kunaokoa fedha za mwaka huu, na gharama yake huja baadaye, mvuvi anapotupa wavu na kuupandisha mtupu.