Makengeza Hayangoji Mtoto Akue

"Ataacha akikua." Maneno haya huambiwa wazazi wengi mtoto wao anapoonekana na makengeza, na ni kweli kwa kichanga tu. Katika miezi mitatu au minne ya mwanzo, macho huweza kupishana mara mojamoja kwa sababu ubongo bado unajifunza kuyaongoza pamoja. Baada ya hapo, jicho linalokimbilia puani, nje, juu au chini, hata kama ni wakati mtoto amechoka tu, lapaswa kupimwa.

Kila jicho huvutwa na misuli sita, nayo huamriwa na neva tatu zitokazo kwenye ubongo. Macho mawili yakitazama kitu kimoja, ubongo huunganisha picha zake, na hivyo tunajua ngazi inaishia wapi na kikombe kiko karibu kiasi gani. Jicho moja likienda kando, picha hazilingani tena. Mtu mzima hapo huona vitu viwiliviwili. Mtoto mdogo halalamiki, kwa kuwa ubongo wake huamua kuipuuza picha ya jicho lililopinda. Miezi ikipita, jicho hilo huzidi kupoteza uwezo wa kuona, ingawa ukilichunguza ndani hulikuti na kasoro. Hilo ndilo jicho vivu. Tiba yake ni kuziba jicho lenye nguvu kwa saa kadhaa kila siku ili lile jingine lilazimike kufanya kazi, na hufaulu zaidi kabla ya umri wa miaka 7. Inaumiza sana kumpokea kijana wa kidato cha kwanza ambaye angesaidiwa alipokuwa chekechea.

Chanzo mara nyingi ni cha kawaida. Mtoto wa miaka miwili au mitatu asiyeona vizuri karibu hukaza lenzi ya jicho ili aone, na kukaza huko huyavuta macho puani. Kwa baadhi yao miwani peke yake huyanyoosha. Wengine wamerithi, wamezaliwa njiti, au wana mtindio wa ubongo. Lakini makengeza yanaweza pia kuwa dalili ya mtoto wa jicho, au ya saratani ya retina, ambayo huwapata hasa watoto chini ya miaka mitano. Ukiona mboni inang'aa nyeupe kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi, usisubiri siku ya kliniki. Saratani hii ikiwahiwa, maisha ya mtoto huokolewa, na mara nyingi jicho pia.

Upimaji hauumizi. Daktari humulika tochi na kutazama mng'ao wake unaangukia wapi kwenye kila mboni, njia iliyoelezwa na Mjerumani Julius Hirschberg mwishoni mwa karne ya 19. Watoto wengi wenye daraja pana la pua huonekana wana makengeza, kumbe mng'ao umetua sawasawa pande zote mbili. Kisha daktari huziba jicho moja kwa mkono: lile lililobaki likiruka kukitafuta kitu, lilikuwa limepinda. Mwisho huja matone ya kupanua mboni, ili miwani ipimwe kwa usahihi na retina ionekane. Matone hayo hufifisha macho kwa muda, wakati mwingine kwa siku kadhaa, kisha hali hurejea.

Kwa mtu mzima, makengeza ya utotoni bado yanaweza kunyooshwa kwa upasuaji wa misuli. Yanayozuka ghafla ni habari nyingine. Kisukari na shinikizo la damu huweza kulemaza neva, na mara nyingi jicho hurudi mahali pake ndani ya miezi michache huku sukari na presha vikidhibitiwa. Sababu nyingine ni ajali ya kichwa, ugonjwa wa tezi ya shingo, au kiharusi. Kope likianguka, mboni ikapanuka na kichwa kikauma kwa nguvu, huenda mshipa wa damu umevimba ndani ya kichwa. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali kubwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.