Usikubali fundi akutolee thamostati, hata kama gari linachemka

TAA nyekundu ya joto iliwaka tukiwa katikati ya mlima wa Subukia, tukirudi nyumbani Bahati. Mama alikuwa kiti cha nyuma, amepakata chupa ya maji ya baraka aliyotoka kuteka kwenye Madhabahu ya Kitaifa ya Bikira Maria. Nikaegesha kando, nikazima injini. Mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti.

“Kwani haya maji yangu ndiyo tutamwaga kwa rejeta?” Mama akauliza.

Nikamwambia hata kama tungekuwa na pipa zima, kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto. Tulikaa hapo karibu saa nzima, matatu za Nyahururu zikitupita.

Vitz hiyo nilikuwa nimeinunua mkononi miezi sita kabla, kwa mkopo wa sacco ambao bado naulipa. Tangu siku ya kwanza kulikuwa na jambo nililolipuuza. Magari mengi madogo ya Kijapani hayana mshale wa joto. Yana taa mbili tu: ya buluu ikimaanisha injini bado ni baridi, na nyekundu ikimaanisha uko taabani. Taa yangu ya buluu ilikuwa inawaka kutoka Bahati mpaka mjini Nakuru. Mafuta nayo yalikuwa yanaisha kama maji. Mimi nikadhani ni hii baridi yetu ya asubuhi.

Mzee mmoja wa gereji alifungua nati mbili tu, akachungulia, akacheka. “Kijana wangu, hapa hakuna kitu. Thamostati ilitolewa kitambo.”

Kama una gari la mtumba, hadithi hii huenda ni yako pia. Gari likichemka, kuna mafundi ambao dawa yao ya kwanza ni kung’oa thamostati na kukwambia, “Hii ni ya Wazungu na theluji yao. Huku ni Afrika, haina kazi.” Inasikika kama busara. Lakini mtu anayesema hivyo hajawahi kuamka Bahati saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai.

Thamostati ni kijimlango kidogo kati ya injini na rejeta. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa na maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate joto haraka. Joto likifika kiwango fulani, nta inayeyuka, inapanuka na kusukuma mlango, maji yaende kupozwa kwenye rejeta. Haitumii umeme wala kompyuta.

Ukiitoa, maji yanakimbilia rejeta kila wakati. Kompyuta ya gari inaona injini bado ni baridi, kwa hivyo inaendelea kumimina petroli zaidi. Oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu, na baada ya muda inaweza kuwa kama uji. Hita nayo inapuliza baridi, kioo kinajaa ukungu.

Sasa, mbona langu lilichemka mlimani? Hapa ndipo nilipochanganyikiwa, mpaka mzee akanichorea kwenye vumbi. Thamostati ya injini nyingi za Toyota, ikiwemo 1NZ iliyo kwenye Vitz yangu na Probox nyingi, ina milango miwili. Mmoja unapofungua njia ya rejeta, wa pili unafunga njia ya mkato inayorudisha maji moto kwa injini. Ukitoa thamostati, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji moto inarudi kwa injini bila kupitia rejeta. Kwenye barabara tambarare hutajua. Ukipanda Subukia, utajua.

Kwa hivyo nikaenda mjini kutafuta mpya. Mambo ni machache. Kwanza, tazama namba iliyochapwa juu yake: 76.5, 82, 88 na kadhalika. Hizo ni nyuzijoto ambazo mlango unaanza kufunguka. Chukua ile ya kitabu cha gari lako. Yangu ni 82. Usidanganywe kwamba ya namba ya chini inaponya gari linalochemka. Itafunguka mapema, lakini kama rejeta imeziba au feni haizunguki, bado utachemka. Pili, mpe muuzaji namba ya chesisi, maana kipenyo na urefu hutofautiana hata kwa magari yanayofanana. Tatu, nunua pamoja na mpira wake mpya.

Kabla ya kuifunga, ijaribu jikoni. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, uwashe moto. Lakini wasee wa Nakuru, sikilizeni: Bahati iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwa nyuzijoto kama 93, si 100. Thamostati ya 82 hufunguka kabisa ikifika kama 95. Kwa hivyo kwenye sufuria yako haitafunguka yote, na ya 88 itafunguka kidogo tu. Usiitupe. Unachotafuta ni kuona ikisogea maji yakiwa moto na ikijifunga yakipoa.

Ndani ya gari maji hayachemki kwa 93 kwa sababu kifuniko cha rejeta kinayabana kwa presha. Kifuniko kikilegea, sisi wa milimani tunachemka mapema kuliko mtu wa Mombasa. Kiangalie pia.

Kuifunga kulichukua chini ya saa moja, injini ikiwa baridi kabisa. Mzee alimwaga maji, akasafisha mahali pa mpira wa zamani, akaweka mpya huku kile kipini kidogo kinacholegea kikiangalia juu ili hewa ipate njia ya kutoka. Kisha akajaza kulanti. Maji ya kisima alikataa: chumvichumvi zake huganda kwenye mirija ya rejeta. Akawasha injini, hita ikiwa kwenye moto, akangoja mapovu yaishe huku ameshika paipu ya chini ya rejeta. Ilikaa baridi, kisha ghafla ikapata joto. “Imefunguka,” akasema.

Si kila gari linalochemka lina shida ya thamostati. Inaweza kuwa pampu ya maji, kuvuja, au gasketi ya hedi. Lakini fundi akikwambia ameitoa “kukusaidia,” mwambie akuonyeshe ugonjwa wenyewe. Thamostati ni spea ya bei nafuu. Hedi iliyopinda inaweza kumeza mkopo wako wote wa sacco.

Siku hizi nikitoka Bahati, taa ya buluu inazima kabla sijafika Maili Sita. Mama bado ana chupa yake, lakini sasa tukienda Subukia anaweka na ya pili ya maji ya kawaida. Anasema hiyo ndiyo ya Vitz.